Upimaji wa afya ya akili kabla ya kuandikishwa jeshini

Upimaji huu ni sehemu ya uchunguzi wa kitabibu anaofanyiwa mwombaji wa jeshi, sambamba na ule wa macho, moyo na viungo, ili ijulikane kama ana maradhi ya akili, au aliwahi kuyaugua, kwa namna inayoweza kumdhuru yeye au wenzake atakapokabidhiwa silaha. Ni uchujaji, si matibabu: anayekutwa na tatizo hatibiwi hapo, bali hurudishwa nyumbani au hupelekwa kwa daktari bingwa.

Chimbuko lake ni Vita vya Kwanza vya Dunia, ambapo askari wasio na jeraha lolote walirudi kutoka mahandakini wakitetemeka au wamepoteza sauti. Marekani ilipoingia vitani mwaka 1917, mwanasaikolojia Robert Woodworth alipewa kazi ya kutunga dodoso, likawa na maswali 116 ya kujibiwa ndiyo au hapana: je, kwa kawaida unalala vizuri? Je, mara nyingi unapatwa na hofu usiku wa manane? Vita vilikwisha kabla halijatumika ipasavyo.

Jaribio kubwa lilikuja katika Vita vya Pili. Marekani iliwakataa wanaume zaidi ya milioni moja kwa sababu za akili, mara nyingi baada ya mahojiano ya dakika chache tu na daktari mwenye foleni ndefu mlangoni, na bado waliougua akili vitani walikuwa wengi mno. Ilidhihirika kwamba urefu wa mapigano, uchovu na kufiwa na wenzako huweza kumvunja hata aliyepita usaili bila doa. Kwa hiyo upimaji humtambua aliye mgonjwa leo, lakini haubashiri vizuri nani ataugua kesho.

Udhaifu mwingine ni kwamba kwa miaka mingi ulitegemea kauli ya mwombaji mwenyewe, naye anayeitaka kazi ana kila sababu ya kunyamaza. Tangu mwaka 2022 vituo vya uandikishaji vya Marekani hutumia mfumo wa kielektroniki unaoweza kuonyesha dawa alizowahi kuandikiwa. Hilo limeziba mwanya wa uongo, ingawa, kwa maoni yangu, linamwelemea pia kijana aliyetafuta ushauri nasaha mapema, ambaye sasa hulazimika kuomba kibali maalumu cha kuandikishwa licha ya historia yake na kusubiri nyaraka zake zipitiwe, huku mwenzake ambaye hakuwahi kumwona daktari akipita.