Ukishuka Matema, shuka polepole

Kila likizo inapokaribia, simu ninazopokea huanza na swali moja: "Kaka, kutoka Mbeya mjini mpaka Matema ni kilomita ngapi?" Nikijibu kwamba hazifiki mia mbili, mpigaji huwa ameshamaliza kupanga kichwani mwake. Watatoka alfajiri, watapitia Mlima Ngozi, na mchana watakuwa wanakula samaki ufukweni. Hapo ndipo ninapomwomba achukue karatasi tuanze upya.

Nimekuwa nikipanga na kuongoza safari za huku nyanda za juu kusini kwa miaka mingi. Bahari hatuna, lakini pwani tunayo, ile ya Ziwa Nyasa. Safari ya kwenda huko ukiipima kwa kilomita unapotea, kwa sababu unachosafiri hasa ni mteremko. Ukiiacha Uyole, pembeni mwa jiji la Mbeya, barabara inapanda kwanza hadi zaidi ya mita 2,000 pale Isyonje, halafu inaanza kushuka na haisimami mpaka ziwani, takriban mita 475 kutoka usawa wa bahari. Katika mteremko huo unapita viazi na pareto, kisha chai, kisha migomba na maparachichi, na mwisho kakao na mpunga wa Kyela. Asubuhi mmevaa makoti, jioni mnatafuta kivuli. Mtu anayeukimbia mteremko huo kwa siku moja anafika amechoka, na hajaona kitu.

Wanaotoka Dar au Dodoma huwa nawashauri walale Iringa kwanza, usiku mmoja unatosha. Isimila, kilomita kama ishirini kutoka mjini, kuna nguzo za udongo zilizochongwa na maji na zana za mawe za watu wa kale. Kalenga ndiko kulikokuwa na ngome ya Mkwawa, ambayo Wajerumani waliibomoa Oktoba 1894, miaka mitatu baada ya Wahehe kuwashinda Lugalo. Fuvu lake lilirudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 na limehifadhiwa hapohapo Kalenga. Wazazi, waingizeni watoto ndani, msiishie kupiga picha nje. Nimeona watoto waliokuwa wakipiga kelele kwenye gari wakinyamaza wenyewe mbele ya lile fuvu.

Kutoka Iringa mpaka Mbeya ni siku nzima ya lami na malori. Sina mengi ya kusema hapo, ila msisafiri usiku.

Sasa msitu. Ngozi ni kreta ya volkano yenye ziwa ndani yake, na ukingoni unafika kwa miguu tu, ukipita kwenye mianzi na migomba pori, na kipande cha mwisho ni kupanda kwelikweli. Ukichelewa kuanza, ukungu unakutangulia. Najua hilo kwa sababu Aprili moja nilikubali kubeba familia kutoka Iringa kwa ratiba ileile ya mpigaji simu. Tulianza kupanda saa tano asubuhi. Tulipofika ukingoni chini yetu palikuwa peupe kama maziwa, tukasubiri karibu saa mbili, mvua ikatufukuza. Tukashuka na matope magotini, tukafika Matema usiku, watoto wamelala na nguo mbichi. Hawakuona ziwa la juu, na la chini walilisikia tu likipiga mchanga gizani. Kosa lilikuwa langu, ningesema hapana. Tangu siku hiyo Ngozi naipa siku yake, tunaanza kutembea saa moja asubuhi, na jioni tunalala Tukuyu.

Tukuyu yenyewe watu wanaipita tu, na inaniuma. Wajerumani waliweka kituo chao kwanza chini ziwani, wakakiita Langenburg, kisha wakapanda na makao yao mpaka huku kwenye baridi, wakapaita Langenburg Mpya. Kuta za boma lao bado zipo. Mbele ya mji kuna Mlima Rungwe, karibu mita 2,960, na katika msitu wake anaishi kipunji, kima ambaye wawindaji wa huku walikuwa wakimjua lakini wanasayansi walimtangaza mwaka 2005 tu. Hapatikani nchi nyingine yoyote. Usiende ukiwa na uhakika wa kumwona, nenda kwa ajili ya msitu wenyewe. Kabla ya mji kuna Daraja la Mungu, mwamba wa asili uliovuka mto Kiwira. Nusu saa inatosha hapo, lakini msisogee ukingoni, mawe yanateleza.

Kuhusu msimu, wengi hawapendi kusikia hili: maua na ufukwe haviendi pamoja. Kitulo, ile tunayoiita Bustani ya Mungu, hifadhi ya taifa tangu 2005, huchanua wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Miezi hiyohiyo Rungwe na Kyela hupata mvua ambayo watu wa Dodoma hawajawahi kuiona. Kama unataka maua, panda Kitulo na uliache ziwa. Kama unataka ziwa, njoo kiangazi. Mimi mwenyewe napenda Septemba na Oktoba. Juni na Julai Tukuyu kuna baridi ya kuuma mifupa, na ziwani upepo wa kusini unavuma. Ziwa hili lina urefu wa zaidi ya kilomita 500 na Matema iko kwenye ncha yake ya kaskazini, kwa hiyo mawimbi yanapata njia ndefu ya kukua kabla hayajafika kwenu. Kama mnataka mtumbwi, iwe asubuhi na mapema.

Kutoka Tukuyu unashuka mpaka Kikusya, unakata kushoto, unapita Ipinda, na milima ya Livingstone inakujia usoni kama ukuta. Milima hiyo iko mashariki kabisa ya ufukwe, ndiyo maana Matema jua huchelewa kukufikia asubuhi. Kunakuwa kumekucha, maji yanang'aa kule mbali, na wewe bado uko kivulini. Saa hiyo ndiyo ninayowaamshia wageni wangu. Mkiogelea, kaeni mbali na midomo ya mito na sehemu zenye matete, na waulizeni wenyeji kwanza. Wasalimieni "mugonile", mtajibiwa kwa moyo.

Na pangeni ili Jumamosi iwakute hapo. Siku hiyo kuna soko la vyungu Lyulilo, mwendo mfupi kutoka Matema. Akina mama wa Kikisi huleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe, wanavipanga mchangani vikubwa kwa vidogo, vyekundu vya kahawia. Mara ya kwanza nilikuwa nachagua kwa macho tu. Mama mmoja akanishika mkono akasema, "Mwanangu, chungu hakichaguliwi kwa macho." Akakining'iniza kile nilichokitaka kwenye vidole vya mkono wa kushoto, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Kikatoa sauti fupi iliyokufa. Akachukua cha pembeni yake, akagonga, kikalia kama kengele ndogo. Cha kwanza kilikuwa na ufa ambao hata baada ya kuambiwa sikuuona.

Kile kilicholia nilikilipia, nikakitia kwenye buti la gari, na kikavunjika kwenye kona za kupanda kurudi Tukuyu. Siku hizi nanunua majani makavu ya migomba sokoni palepale, nakijaza chungu ndani, nakifunga nje, na mtu mmoja anakipakata mpaka Uyole.