Kabla ya Kununua cha Asili, Toa cha Sumu

Baada ya kipindi cha elimu ya afya kwenye kliniki moja ya mama na mtoto jijini Dar es Salaam, mama mmoja alinisubiri mpaka wenzake walipoondoka, ndipo akaniuliza: "Dada, hayo maisha ya asili yanauzwa wapi, na ni shilingi ngapi?" Sikucheka, maana swali lilikuwa la haki. Kwenye simu yake alikuwa ameona sabuni ya asali, mafuta ya mlonge, dawa ya meno ya mkaa na shampuu "isiyo na kemikali". Bei ya kimoja tu ingemlisha yeye na wanawe siku mbili.

Nilimwambia aniorodheshee kwanza anavyonunua tayari. Koili za mbu. Dawa ya mende ya kupimiwa. Jiki. Dawa ya chooni. Sabuni ya maji ya kwenye chupa ya maji. Losheni, na kikopo kingine cha losheni alichokitaja kwa sauti ya chini. Vyote hivyo vinakaa uvunguni mwa kitanda, kwenye chumba kimoja wanacholala watu wanne na ambamo jiko la mkaa huingizwa mvua ikinyesha. Hapo ndipo somo letu lilipoanzia, na tangu siku hiyo ndipo ninapoanzia kila mahali.

Kwanza tuelewane juu ya neno lenyewe. Maji ni kemikali, chumvi ni kemikali, tui la nazi ni mchanganyiko wa kemikali nyingi tu. Nyumba isiyo na kemikali haipo, hata ya bibi kijijini. Sisi maafisa afya mazingira huuliza maswali mengine: kitu hiki kina madhara gani, kinaingiaje mwilini, kiasi gani, na nani anakipata zaidi? Mara nyingi anayekipata zaidi ni mtoto anayetambaa sakafuni na kutia kila kitu mdomoni.

Kwa kipimo hicho, namba moja katika orodha ya yule mama ni dawa ya kupimiwa. Sote tunamjua muuzaji wake: kipaza sauti kinachorudia "mende, kunguni, panya, viroboto" tangu asubuhi, na vichupa visivyo na lebo. Ndani yake mara nyingi ni kiuatilifu cha shambani kilichofunguliwa na kugawanywa. Mnunuzi hajui ni kipi, kina nguvu gani, wala atibiwe vipi mtu akikinywa kwa bahati mbaya. Oktoba 2024, watoto sita wa mtaa wa Naledi huko Soweto, Afrika Kusini, walifariki kwa terbufosi, sumu ya mashambani ambayo kule pia huuzwa vichochoroni kama dawa ya panya. Hapa kwetu kiuatilifu halali ni kile kilichosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu (TPHPA), kikiwa kwenye chombo chake na lebo yake. Kichupa cha soda chenye maji meupe hakimo humo.

Cha kufanya badala yake hakigharimu sana, ila kinataka uvumilivu. Mende hufuata maji na makombo. Futa unyevu chini ya ndoo usiku, funika chakula, toa taka kabla ya kulala, na ziba nyufa kwa saruji kidogo au hata kwa sabuni ya mche iliyokandwa. Kunguni hafi kwa maneno, lakini maji yanayochemka yakimwagwa kwenye maungio ya kitanda humuua pamoja na mayai yake. Rudia kila wiki, kwa mwezi mmoja na zaidi. Mashuka na nguo fua kwa maji ya moto. Panya ana mtego, na mtoto hawezi kudhani mtego ni biskuti.

Halafu koili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003, uliopima koili zinazouzwa China na Malaysia, ulikuta kwamba koili moja ikiungua yote hutoa chembechembe laini za moshi sawa na sigara 75 hadi 137. Mama huyu havuti sigara na angemfukuza mgeni atakayeivuta mbele ya watoto. Lakini kila usiku anawasha koili, dirisha limefungwa. Koili moja kwa usiku ni 365 kwa mwaka. Piga hesabu kwa bei ya dukani kwako, kisha linganisha na bei ya wavu wa dirishani unaouzwa kwa mita. Wengine huniambia basi watachoma majani ya mwarobaini, kwa kuwa ni ya asili. Moshi ni moshi, ndugu zangu. Pafu halisomi lebo.

Mbu wa dengi, ambaye aliisumbua Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, huuma mchana na huzaliana kwenye maji yaliyotuama karibu na nyumba: tairi, kifuu cha nazi, sahani ya chini ya chungu cha maua. Toka yai hadi mbu mkubwa ni kama siku saba mpaka kumi. Kwa hiyo ukimwaga maji hayo kila Jumamosi na kulifunika pipa, umeua kizazi kizima bila kununua chochote.

Sasa choo, ambako nataka tukae kidogo, maana hapa watu wanaumia wakiwa katika usafi. Jiki ni hipokloriti ya sodiamu. Dawa nyingi za chooni ni asidi, na siki na ndimu nazo ni asidi. Ukichanganya jiki na asidi unatoa gesi ya klorini, ile iliyotumika kama silaha katika Vita Kuu ya Kwanza. Macho yatachoma, kifua kitabana, na kwenye choo kidogo kisicho na dirisha mtu anaweza kuzidiwa kabla ya kufika mlangoni. Nimekutana na wengi wanaochanganya "ili iwe kali". Inakuwa kali kweli, ila kwa mapafu yao. Hata mkojo uliolala kwenye poti ya mtoto una amonia, na ukimwagiwa jiki hutoa gesi nyingine mbaya. Suuza kwanza.

Dawa ya chooni wala huihitaji kila siku. Brashi, maji na sabuni vinatosha siku nyingi. Jiki iwekee kazi yake maalumu, yaani kuua vimelea pale penye mgonjwa wa kuhara au kutapika. Ile ya asilimia 3.5, sehemu moja ya jiki kwa sehemu sita za maji ya baridi inakupa nguvu ya asilimia 0.5, ambayo ndiyo hutumika kwenye nyuso zilizochafuliwa wakati wa kipindupindu. Osha uchafu kwanza kwa sabuni, kwa sababu klorini humalizikia kwenye uchafu isifike kwenye vimelea. Changanya ya siku hiyo tu. Chupa moja itumike hivyo, utashangaa inavyochelewa kuisha.

Katika vyote vinavyouzwa kwa jina la usafi, nina upendeleo mmoja wa wazi: sabuni ya mche. Huuzwa kwa kipande, haina manukato mengi, na inafua, inaosha vyombo, inadeki, inanawisha mikono. Ukitaka ya maji, ikwangue kwa kikwangulio, mimina maji ya moto, koroga, acha ipoe. Ni nzito kidogo na haitoi povu la matangazo, lakini povu silo linalosafisha. Nashauri hivyo kwa sababu sabuni za maji za mitaani zina watengenezaji wazuri na wabaya, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Ukiona ngozi ya vidole inabanduka, acha kuitumia. Sufuria iliyoungua bado inasuguliwa na majivu ya kuni, kama mama zetu walivyofanya, na birika lenye ukoko mweupe ndani linachemshiwa maji ya ndimu. Majivu yawe ya kuni tupu. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ya mchwa huacha sumu kwenye majivu yake.

Hapo wasomaji wengi huanza kunipenda, wakidhani nakuja kusema kila cha zamani ni salama. Sivyo.

Chukua magadi. Ni ya asili kabisa, yanakusanywa maeneo ya Ziwa Natron, yanalainisha maharage na makande na kuuvuta mlenda. Lakini magadi hayo hubeba floraidi. Kaskazini mwa Tanzania watafiti wa meno walikuta watoto wenye meno ya kahawia hata katika vijiji ambavyo maji yake yana floraidi kidogo, na magadi yakaonekana kuwa chanzo. Pia yanaharibu vitamini B1 kwenye chakula. Maharage yaliyolowekwa usiku kucha hayahitaji magadi, na yanakula mkaa kidogo. Chukua pemba, ule udongo wa kutafuna wanaoupenda wajawazito: vipimo vilivyofanywa hapa nchini vimekuta ndani yake madini ya risasi na arseniki, na risasi hupita hadi kwa mtoto tumboni. Chukua ukungu kwenye mahindi na karanga. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, iliua watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara, na hakuna kiwanda kilichoitengeneza. Kukausha vizuri, kutotandaza mahindi juu ya udongo mtupu na kutupa punje zilizooza ni kazi ya mikono, si ya fedha.

Na kile kikopo kilichotajwa kwa sauti ya chini. Mkorogo wa kujichubua ngozi, hata ukipewa jina la mitishamba, mara nyingi una haidrokwinoni, dawa za steroidi au zebaki. Zebaki huharibu figo, na haiishii kwa anayejipaka. Inabaki kwenye taulo, kwenye shuka na kwenye shavu la mtoto anayenyonya. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2020, umepiga marufuku vipodozi vilivyotiwa zebaki. Usimamizi wa vipodozi nchini uko chini ya Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019. Kikopo kisicho na orodha ya viambato wala jina la mtengenezaji usikijaribu hata kwenye kisigino. Mafuta ya nazi ya kupika mwenyewe yanatosha ngozi ya kawaida, na ukishalipika tui likatoa mafuta, unakula mashata yaliyobaki. Losheni gani itakupa kitafunio?

Jikoni kuna mambo mawili ambayo ni bure kabisa. La kwanza ni nailoni. Kufunikia wali au ndizi jikoni kwa mfuko wa nailoni, kumimina chai ya moto kwenye mfuko, kuwashia mkaa kwa mfuko: yote matatu yaache leo. Plastiki ikipata moto na mafuta huachia viambato vyake kwenye chakula, na ikiungua moshi wake ni mbaya kuliko wa koili. Jani la mgomba lililopitishwa juu ya moto likanywea hufunika sufuria vizuri na kukipa chakula harufu njema. Mkaa huwaka kwa makumbi makavu au vifuu. La pili ni mboga. Nyanya zenye vumbi jeupe zimepuliziwa dawa ya ukungu, pengine juzi tu. Zioshe kwa maji yanayotiririka huku ukizisugua kwa kiganja, na za kachumbari zimenye. Chumvi na siki hazifanyi muujiza wowote hapo. Mchicha unaweza kuuotesha kwenye kiroba mlangoni na kuuchuma ndani ya wiki nne, ila udongo usiutoe karibu na gereji, panapomwagwa oili na maji ya betri.

Kuna vitu vya kiwandani ambavyo nakuomba usivitupe kwa jina la asili. Chandarua chenye dawa ni kimoja, kioshe kwa sabuni ya mche bila jiki na ukianike kivulini. Klorini ya kutibu maji ni kingine, japo ukikosa hela, chupa angavu ya plastiki iliyojaa maji yasiyo na tope ikilazwa juani saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu, huua vimelea vingi. Dawa ya meno yenye floraidi Shirika la Afya Duniani liliiweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2021. Mtoto mdogo apewe kidogo kama punje ya mchele na afundishwe kutema. Mswaki wa mti nao ni mzuri, na haugombani na dawa hiyo.

Vilivyobaki vya kali, kama mafuta ya taa, jiki na kostiki soda, vitoke uvunguni viwekwe juu, kwenye vyombo vyake vya asili. Kamwe visiwekwe kwenye chupa ya soda. Ikitokea mtoto amekunywa, usimtapishe na usimpe maziwa wala mafuta ya kula: mafuta ya taa yakirudi juu huingia mapafuni, na kostiki huunguza koo mara ya pili. Mfute mdomo, mvue nguo zilizolowa, mkimbize kituo cha afya, na uende na chupa yenyewe mkononi hata kama imebaki tone.