Povu Silo Linalosafisha: Yanayosemwa Kuhusu Kioo cha Oveni

Idi ikikaribia, oveni za Tanga hazipumziki. Trei za biskuti zinapishana na mkate wa mayai, kuku anafuata, na jirani asiye na oveni naye kaleta keki yake iokwe. Sikukuu ikipita, kioo cha mlango kimeshageuka kahawia, na ukitaka kujua kama keki imeumuka sharti ufungue mlango. Hapo ushauri unamiminika: siki, limao, magadi, jivu, chumvi. Vyote unavipata mtaani Ngamiani kwa hela ndogo, na karibu kila kimoja kina kazi yake. Shida ni zile kazi tunazovipachika ambazo si zake.

"Changanya bekingi soda na siki. Ukiona povu, shoga, ujue uchafu unatoka."

Ushauri huu umeenea kuliko yote, na ndio unaopoteza viungo bure. Lile povu ni hewa ya ukaa tu. Bekingi soda ni alkali dhaifu, siki ni asidi. Zikikutana zinamalizana nguvu, hewa inatoka, na bakulini yanabaki maji yenye chumvi iitwayo sodiamu asetati, ambayo haina habari na mafuta. Kijiko kimoja cha chai cha bekingi soda, gramu 5 hivi, kinamalizwa na takriban mililita 70 za siki ya kawaida ya asilimia 5. Anayevichanganya kwenye chupa ya kunyunyizia anapuliza maji ya chumvi, na akifunga kizibo mapema chupa inaweza kumlipukia.

Vitenganishe. Oveni ikiwa imepoa kabisa, fungua mlango ulale, koroga bekingi soda vijiko 3 vya mezani kwa kijiko 1 cha maji upate uji mzito, paka kioo chote, ondoka. Nusu saa inatosha kwa uchafu mwepesi; ukoko wa tangu mfungo wa mwaka jana uachie usiku kucha. Mafuta yaliyoungua mara nyingi si mafuta tena. Yameshikana yakawa kama vanishi, ndiyo maana sabuni na papara haviyawezi. Alkali na unyevu vinayalegeza polepole. Asubuhi utaona uji umekuwa kahawia palipokuwa na mafuta na umebaki mweupe pasipokuwa na kitu. Ramani yote iko mbele yako. Kwangua kwa kipande cha plastiki, futa kwa kitambaa chenye maji, rudia penye ubishi. Siki iingie mwisho, kitambaani, kuondoa ule ukungu mweupe wa soda. Povu kidogo likitokea hapo halina neno.

"Mvuke wa limao huyeyusha mafuta."

Bakuli la maji na vipande vya limao, oveni nyuzi 150, nusu saa, na kweli kioo kikishapoa kinafutika kwa urahisi. Ila asidi ya limao haipandi na mvuke, inabaki bakulini. Kinachofika kwenye kioo ni maji na harufu nzuri. Maji matupu yangefanya kazi ileile, na limao likaenda kwa samaki.

Ajabu ni kwamba sisi tulio jirani na machungwa ya Muheza tunatupa chenye nguvu zaidi. Mtoto yeyote aliyewahi kuminya ganda la chungwa karibu na mshumaa ameona cheche zikiruka. Yale ni mafuta ya ganda, mengi yake limonini, na limonini inayeyusha mafuta mengine. Imo katika dawa nyingi za viwandani za kuondoa grisi. Likunje ganda bichi, sugua upande wa nje penye mafuta mapya yanayonata, utaona yanavyoteleza. Kwa ukoko mweusi halitoshi. Na kwa ajili ya zile cheche, fanya hivyo oveni ikiwa imezimwa na kupoa, kisha osha kioo kwa sabuni kabla ya kuwasha tena.

Siki na limao zina heshima yao kwenye madoa meupe ya maji. Maji ya visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya matumbawe huwa na chokaa, na yakikaukia kwenye kioo yanaacha alama ambazo bekingi soda haiziwezi. Asidi inaziondoa.

"Jivu na mchanga vilisugua masufuria ya bibi, vitashindwa na kioo?"

Havishindwi, vinakikwaruza. Mchanga huwa na punje ngumu kuliko kioo. Jivu lina alkali kali kuliko bekingi soda na mafuta linayala kweli, ila linakula na ngozi ya mikono, na jivu la jikoni halikosi mchanga. Kioo cha oveni kilipashwa moto mkali kiwandani kikapozwa ghafla ili kiwe imara. Mkwaruzo mzito ni mahali pa kuanzia kupasuka, na kikipasuka kinamwagika chote chembechembe. Waya wa kusugulia masufuria nao ukae mbali. Makumbi ya nazi, ambayo siku hizi tunayaonea haya, hayana kosa hilo, mradi yaoshwe mchanga kwanza. Mimi nayachagua kuliko sponji ngumu ya dukani.

Magadi ya mawe si bekingi soda. Ni makali zaidi, na yakigusa trei au fremu ya alumini huiachia weusi. Chumvi haiyeyushi mafuta. Faida yake ni kunyonya yaliyomwagika muda huohuo.

"Cha asili hakidhuru."

Siki ikikutana na dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe hutoa gesi ya klorini, inayochoma koo na mapafu, na jiko dogo lenye dirisha moja ndipo mahali pabaya zaidi pa kujaribu. Maji baridi kwenye kioo cha moto nayo ni ya asili, na yanaweza kukipasua.

Kuna uchafu mmoja ambao hakuna kiungo kitakachoufikia: ile michirizi iliyo kati ya kioo cha ndani na cha nje. Mvuke na mafuta hupenya kwenye nafasi za kupitishia hewa, na watu humimina siki humo wakitumaini itashuka nao, matokeo yake ni michirizi mipya. Milango mingi hufunguliwa kwa skrubu za pembeni au za juu. Ukilazimika kuung'oa mlango wenyewe, funga kwanza vile vibano vya bawaba: springi zake zina nguvu, na zikijirudi kidole kikiwa hapo kitaumia vibaya.