"Mhamiaji haramu": neno lililokaa pasipo pake

Jana jioni, katika habari za redio moja hapa Goma, nilisikia "wahamiaji haramu" mara tano. Habari ilihusu watu waliokamatwa baharini wakielekea Ulaya. Leo asubuhi kijana wa pikipiki akalirudia neno hilohilo, akimsema mama aliyevuka Petite Barrière, kivuko cha mpaka kati ya Goma na mji wa Gisenyi wa Rwanda, bila karatasi.

Maana yake inayokusudiwa ni fupi: mtu aliyeingia nchi isiyo yake, au aliyebaki humo, bila kibali kinachotakiwa na sheria ya nchi hiyo.

Linaloniudhi ni hilo "haramu". Limetoka katika Kiarabu, kwenye mzizi wa h-r-m, unaobeba maana ya kitu kilichotengwa, kisichoguswa ovyo. Ndiyo sababu msikiti mkuu wa Makka unaitwa Masjidul Haram: umetengwa kwa utukufu wake. Mzizi huohuo umetupa ihramu ya mahujaji, na maharimu, yaani ndugu wa karibu usioweza kuoana nao. Katika maneno ya kila siku sisi tumebaki na upande mmoja tu, ule wa kilichokatazwa na Mungu. Nyama ya nguruwe kwa Mwislamu ni haramu leo na kesho, Goma na Gisenyi, na hakuna muhuri wa ofisi unaoweza kuihalalisha.

Karatasi ya mpakani si hivyo. Mama anayeuza nyanya Gisenyi amepita asubuhi kwa halali kabisa. Mpaka ukifungwa kabla hajarudi, amelala kule bila kibali. Ni mama yuleyule, na ndoo yake ileile. Tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, maelfu ya watu wa mji huu walikimbilia Rwanda usiku. Nani alisimama kwanza kutafuta kitambulisho?

Tena Kiswahili kilishatuonyesha haramu inamfanya nini mtu inapobandikwa juu yake. Mwanaharamu ni mtoto anayetukanwa kwa tendo ambalo si lake.

Wanasheria nao walishaliona. Mwaka 1975 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, katika azimio namba 3449, liliomba vyombo vya Umoja huo viwaite watu hawa wafanyakazi wahamiaji wasio na hati. Na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, kifungu cha 31, unakataza kumwadhibu mkimbizi kwa kuingia bila ruhusa, mradi ametoka moja kwa moja mahali ambapo uhai au uhuru wake ulikuwa hatarini, akajitokeza kwa wenye mamlaka bila kukawia na kueleza sababu ya kweli. Wangapi kati ya wale wa baharini wamo ndani ya kifungu hicho? Mtangazaji hawezi kujua, na bado amekwisha kuwaita haramu.

Basi, ndugu zetu watangazaji, semeni "mhamiaji asiye na kibali". Na kama hamjajua bado anacho au hana, "mhamiaji" peke yake linatosha.