Kutenguana Wikipedia: yanayodhaniwa na yalivyo

Kutenguliwa Wikipedia kwa mara ya kwanza, yaani kufutiwa sentensi yako na ukurasa kurudishwa ulivyokuwa, kunauma. Nimeona watu wenye ujuzi wakisusa kwa ajili ya jambo hilo, na inanisikitisha, maana wengi waliondoka wakiamini mambo yasiyo kweli.

Dhana: Anayetengua mara nyingi zaidi ndiye anayeshinda.

Hii ndiyo inayoharibu kuliko zote. Wikipedia ya Kiingereza ina kanuni ya matenguo matatu: ukitengua kazi za wenzako katika ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24, unaweza kufungiwa usihariri, hata kama hoja yako ni sahihi. Wanaoondoa uharibifu ulio dhahiri hawahesabiwi. Na hizo tatu si mgawo wako wa kila siku. Anayevizia saa 24 zipite ndipo atengue tena anaweza kufungiwa vilevile.

Tuseme wawili wanagombania mwaka wa kuzaliwa wa mwanamuziki. Ukifungua historia ya ukurasa unakuta 1941, 1943, 1941, 1943, na kwenye muhtasari, pale mhariri anapoeleza sababu ya badiliko lake, hakuna kitu ila "uongo" na "uongo ni wako". Kisha mmoja anaacha kutengua, anakwenda ukurasa wa majadiliano na kuandika: "Mimi 1943 nimeitoa kwenye wasifu wake uliochapishwa, ukurasa wa 12. Mwenzangu, 1941 umeipata wapi?" Anajibiwa: kwenye gazeti lililotangaza kifo chake. Kumbe wote wawili wana chanzo! Makala inaandika miaka yote miwili, kila mmoja na tanbihi yake, kwa sababu kazi ya Wikipedia ni kueleza vyanzo vya kuaminika vinasema nini. Pale vinapopingana, msomaji ana haki ya kujua hivyo.

Dhana: Tupige kura, wengi wape.

Kinachotafutwa ni maafikiano, na maafikiano hupimwa kwa uzito wa hoja. "Naunga mkono" kumi zisizo na sababu hazimshindi mmoja mwenye chanzo kizuri. Kuwakusanya marafiki waje kukutetea ni kosa, na kufungua akaunti ya pili ili uonekane watu wawili ni kosa kubwa zaidi. Kura zimewahi kupigwa, ni kweli. Mwaka 2005 wahariri wa Wikipedia ya Kiingereza walipiga kura kuhusu mji wa Gdańsk, Poland, uliokuwa ukiitwa Danzig kwa Kijerumani, na matokeo yake yakawa jina kufuata kipindi: Danzig kwa habari za 1308 hadi 1945, Gdańsk kwa nyakati nyingine. Mimi nauona ni mwafaka mzuri, maana kila upande ulikuwa na ukweli wake.

Dhana: Mkabidhi ndiye hakimu.

Mkabidhi, yaani mhariri aliyepewa zana za usimamizi, anaweza kulinda ukurasa usihaririwe au kufungia akaunti. Katika maudhui sauti yake ni sawa na yako. Ukurasa ukilindwa ukiwa na toleo la mpinzani wako, usidhani ameshinda. Umelindwa tu ili mzungumze. Hata Kamati ya Usuluhishi ya Wikipedia ya Kiingereza, iliyoanza kazi mwaka 2004, huangalia mwenendo wa wahariri na haiamui makala iseme nini. Kabla ya kufika huko kuna njia nyepesi: kuomba maoni ya mtu wa tatu asiyehusika, au kutoa wito wa maoni kwa jumuiya nzima, ambao kwa kawaida hukaa wazi siku 30.

Dhana: Watu hugombania mambo makubwa tu.

Wikipedia ya Kiingereza ilijadili kwa miaka kadhaa kama mtindi uandikwe "Yoghurt" au "Yogurt". Herufi moja. Jina likatulia kwenye "Yogurt" mwaka 2011, na mabishano yote yamehifadhiwa kwenye kurasa za majadiliano, yanasomeka mpaka leo.