Mishipa iliyovimba miguuni: yanayosemwa barazani na yanayosemwa na kipimo

Pita soko la Kongowea, Mombasa, alfajiri, magunia ya vitunguu yakiteremshwa kwenye malori, uache bidhaa kidogo uangalie miguu. Hukosi kuuona: mshipa wa kijani uliojinyonganyonga nyuma ya goti ukashuka hadi kwenye kigimbi. Mwenyewe ukimuuliza atakwambia ni uchovu. Jirani yake wa meza ya pili atakwambia dawa, wa tatu dawa nyingine, na kila mmoja ana hakika. Nimezisikia nyingi, na karibu zote zina kosa lilelile: zinahangaika na mshipa unaoonekana, ilhali ubovu mara nyingi uko kwenye mshipa usioonekana.

"Ni damu chafu imekwama. Itolewe."

Hii ndiyo yenye wafuasi wengi, kwa hiyo tukae nayo. Damu ya miguuni ikirudi moyoni inapanda. Kinachoisukuma ni vigimbi, kila unapopiga hatua, na ndani ya vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, mna vali ndogo zinazofunguka damu ikipita juu kisha zikajifunga isirudi. Vali zikilegea, damu huteremka tena. Presha inapanda ndani ya mshipa, ukuta unatanuka, na mshipa unapokosa nafasi unajikunja. Uchafu haumo. Ni damu yako ileile, ila imekwisha toa oksijeni, na chini ya ngozi inaonekana kijani au zambarau.

Sasa ukipiga hijama, kule kuchanja na kufyonza damu kwa kikombe, juu ya mshipa kama huo, umekwenda kutoboa mahali penye presha kubwa, na hata ukitoa kikombe kizima, vali ni ileile mbovu. Utajaa tena papo hapo. Sina ugomvi na hijama. Mpigaji aliyefunzwa vyema mwenyewe huukwepa mshipa wa namna hii. Kukanda kwa nguvu nako hakurudishi vali, na kama ndani mna bonge la damu lililoganda, kunaweza kuleta balaa. Mafuta ya nazi yana kazi moja ya kweli: kulainisha ngozi kavu inayowasha. Kwa hilo, yapake.

"Hayo ni matende."

Hapa Pwani hofu hii ina sababu, maana matende yapo kweli na kaunti zetu zimegawiwa dawa zake kwa kampeni zaidi ya mara moja. Lakini matende huletwa na minyoo wanaoenezwa na mbu, nao huharibu mirija ya limfu mpaka mguu wenyewe unakuwa mnene na ngozi ngumu. Mishipa iliyovimba haina mbu, haina minyoo, haiambukizi. Mtu anayeificha chini ya buibui au kanzu kwa kuogopa kunyoshewa kidole anajinyima daktari bure.

Na wale wa "familia ile imetupiwa kitu, mama anayo, dada anayo, sasa na binti"? Wameona sawasawa, wamehukumu vibaya. Ugonjwa huu hutembea na ukoo. Mama akiwa nayo, uwezekano wa mtoto kuipata ni mkubwa zaidi.

"Ya wanawake, tena ni urembo tu."

Nusu ya kwanza ina chembe ya ukweli. Mimba huongeza damu mwilini, homoni hulegeza kuta za mishipa, na tumbo likikua hukandamiza vena za nyonga. Ndiyo maana mama mjamzito hushauriwa avae soksi za kubana na kuinua miguu, si kuchomwa wala kufanyiwa upasuaji wa mishipa. Baada ya kujifungua mingi hunywea yenyewe. Lakini mpishi wa hoteli, askari wa getini na mpakuaji mizigo wa bandari ya Kilindini nao wanayo. Tofauti ni kwamba wanaume huja wamechelewa, mara nyingi wakiwa tayari na kidonda.

Kuhusu urembo, tuseme kweli: kwa wengi mishipa hii haitazidi kuwa kero ya macho, na hakuna ulazima wa kuitibu. Dalili za kukupeleka hospitali ni nyingine. Mguu mzito unaouma jioni. Kuwashwa. Kifundo kuvimba. Na ile ya kuiangalia sana: ngozi ya juu ya kifundo, upande wa ndani, inayogeuka nyeusi au hudhurungi na kuwa ngumu. Hapo ndipo kidonda huzaliwa.

Kidonda hicho kila mtaa unakijua. Kimefungwa kitambaa, kina miezi, na kila asubuhi kapsuli ya rangi mbili inapasuliwa unga ukamwagiwa juu. Unga ule hautibu presha ya mshipa, na kidonda kimetokana na presha. Kinataka bandeji ya kubana iliyofungwa na anayejua, na mara nyingi mshipa mbovu wenyewe kuzibwa. Mwaka 2018 utafiti wa Uingereza uliolinganisha kuziba mapema na kusubiri ulionyesha nusu ya vidonda vya waliozibwa mapema vilipona ndani ya siku 56, kwa wengine siku 82. Wote walikuwa wamefungwa bandeji. Kilichopunguza wiki zile ni kushughulikia mshipa.

"Vaa soksi za kubana tu, mishipa itaisha."

Soksi zikivaliwa hupunguza uvimbe na uzito. Ukizivua, vali iko palepale. Tena kwa joto la Mombasa la mwezi wa pili, anayekuhimiza uzivae kutwa nzima ajaribu yeye kwanza. Zina kanuni: hupimwa kwa mguu wako, huvaliwa asubuhi kabla uvimbe haujaingia, na mwenye kisukari au mvutaji sigara apimwe kwanza ateri za mguu, yaani mishipa inayoleta damu kutoka moyoni, kwa sababu mguu usiofikiwa na damu vizuri ukibanwa unaweza kuumia vibaya. Za "saizi moja" zinazotandazwa kando ya barabara sizipendekezi kwa mtu.

"Lazima upasuliwe. Na mshipa ukitolewa, damu itapita wapi?"

Swali la pili ni zuri, na jibu lake linaondoa hofu nyingi. Sehemu kubwa kabisa ya damu ya mguu hupanda kwa vena za ndani, katikati ya misuli. Ule mbovu uko juu ya misuli, chini ya ngozi, hata kama hauonekani, nao haukusaidii. Unarudisha damu chini. Ukizibwa, damu hujiendea kwenye njia nzima.

Upasuaji wa kung'oa mshipa kuanzia kwenye kinena bado upo, ila siku hizi si wa kwanza kufikiriwa. Mwongozo wa kitabibu wa Uingereza wa 2013 unaweka mbele kuuchoma mshipa kwa ndani, kwa leza au mawimbi ya redio: mrija mwembamba unaingizwa kwa tundu la sindano, ganzi inazungushiwa mshipa wote, kisha unazibwa kwa joto. Isipofaa, huchomwa dawa ya povu inayoufanya ujifunge. Upasuaji ni wa tatu. Kwa hizo mbili za mwanzo mtu huenda nyumbani siku hiyohiyo kwa miguu yake, na huambiwa atembee, si alale. Je, inaweza kurudi? Ndiyo, mishipa mingine ikilegea baada ya miaka. Anayekuahidi "haitarudi kamwe" anauza.

Lakini kabla ya yote hayo, kipimo: ultrasaundi ya mishipa inayoonyesha mwendo wa damu, mgonjwa akiwa amesimama, maana ndivyo vali inavyoonekana ikivuja. Anza kwenye hospitali iliyo karibu nawe, uombe rufaa kwa daktari wa upasuaji. Hospitali kuu ya Pwani pale Makadara ndiyo ya rufaa kwetu. Muulize maswali mawili: vali ipi inavuja, na vena za ndani ziko wazi? Ukikuta mahali wanataka kukuchoma sindano hata kipimo hakijafanywa, chukua mkoba wako uondoke. Na kama unategemea SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza kama matibabu hayo yamelipiwa kabla hujapanda kitandani.

Mambo mawili hayangoji miadi. Mshipa ukipasuka na damu kuruka, lala chini, inua mguu juu ya usawa wa moyo, bonyeza kwa nguvu kwa kitambaa safi bila kuchungulia kila mara, na usifunge kamba. Kisha upelekwe hospitali. Na mguu mmoja ukivimba ghafla ukauma kigimbini, au ukaanza kukosa pumzi au kuumwa kifua, huenda damu imeganda kwenye vena za ndani na inaweza kufika mapafuni. Nenda usiku huohuo, hata kama ni lazima uvuke feri.