Mkandarasi wa matengenezo aitwe kabla michoro haijasainiwa

Barabara nyingi za Mtwara na Lindi husanifiwa na mmoja, hujengwa na mwingine, na kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mjenzi bado anawajibika kurekebisha kasoro, kikiisha anatafutwa wa tatu wa kuzitunza. Huyo wa tatu ndiye anayeijua mitaro kwa koleo, lakini anafika wakati zege limeshakauka.

Kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, ndilo linaloumiza zaidi. Maji yanayoteremka kutoka uwanda wa Makonde, upande wa Newala na Tandahimba, hushuka na mchanga mwingi. Bomba la milimita 600 linaweza kutosha kwenye hesabu za mafuriko, ila likijaa nusu hakuna anayeweza kuingia. Vibarua hubaki kuchokonoa kwa mti kutoka nje. La milimita 900 humpitisha mtu mwenye karai na koleo fupi. Mteremko wake ukiwa chini ya asilimia 2, mchanga hutua humo humo. Mdomoni pajengwe shimo la kunasa mchanga linalofikika kwa urahisi, na yanapotokea maji pasakafiwe kwa mawe, maana yakiangukia udongo mtupu huchimba yakirudi nyuma hadi ukuta unaning'inia. Kubadili kipenyo kwenye mchoro ni kazi ya asubuhi moja. Kukibadili barabarani ni kukata lami na kufungua njia ya mchepuko.

Mifereji ya kutolea maji kando nayo ina lake. Msanifu huichora kwa umbali sawa, mmoja unamwagia kwenye mikorosho ya mtu, naye anauziba kwa magogo na udongo. Ana haki yake. Maji yakikosa pa kwenda hufuata mtaro mkuu, hula bega la barabara, kisha lami huanza kumeguka pembeni. Anayezibua mifereji kila msimu anajua ni ipi huzibwa, kwa hiyo mambo yapimwe naye, mtendaji wa kijiji na wenye mashamba, na mahali pa kutolea maji pakubaliwe kwa maandishi kabla vigingi havijapigwa.

Atakumbusha na mengine. Malori yanayosubiri korosho kwenye ghala la chama cha msingi cha ushirika huegesha nusu begani, hivyo hapo bega lipanuliwe na kuwekwa lami. Kwenye barabara ya changarawe, tabaka la milimita 150 linaweza kupoteza milimita 20 hadi 30 kwa mwaka, basi machimbo yasifungwe yote; libakizwe eneo la kuchukulia changarawe ya kurudishia. Na kuta za kalavati zisogezwe nje ya njia ya greda, ziwekewe nguzo ndefu kuliko nyasi.

Wapo wanaohofia sheria ya ununuzi wa umma, na hofu hiyo ni ya haki: aliyeshauri akishinda zabuni, wenzake watalalamika. Waitwe wakandarasi kadhaa kwa tangazo la wazi, pamoja na vikundi vya kijamii vinavyofyeka na kuzibua mitaro. Maoni yao yaandikwe, na muhtasari uambatanishwe kwenye nyaraka za zabuni ili kila mwombaji ausome.

Wito wa pili uwe kabla ya makabidhiano ya mwisho. Ukaguzi wa pamoja ufanyike baada ya mvua kubwa, si kiangazi, kalavati kwa kalavati, na fedha iliyozuiwa ya mjenzi isiachiwe kabla kasoro zilizoonekana hazijarekebishwa.